Glenys Pascoe na Vitu Vyake Mia Nne na Kumi na Viwili

Jumatatu asubuhi Glenys Pascoe alifungua kompyuta pale jikoni, kikombe cha chai mkononi, akakuta ameshtakiwa kwa kujiibia mwenyewe.

Aliposoma mara ya kwanza alicheka. Aliposoma mara ya pili chai ilipoa. Ile tovuti ambako watu wa michezo ya kompyuta huwekeana modi zao ilikuwa imeufunga ukurasa wake na kubandika ilani ya maneno makavu: modi iitwayo Bonde la Pascoe imeonekana kuwa ni kazi ya mtu mwingine, ajiitaye Bosi wa Maziwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuipandisha. Glenys alipewa siku saba za kuthibitisha vinginevyo. Zikipita, kila alichowahi kuweka pale kitafutwa.

Kwa asiyejua, modi ni kitu ambacho mtu hukitengeneza mwenyewe nyumbani, hajatumwa wala hajaajiriwa, akakipachika ndani ya mchezo wa watu ili wachezaji wakichukue bure. Wengine hutengeneza matrekta, wengine barabara. Glenys, aliyeendesha lori la maziwa miaka ishirini na tisa huko Yarram, mji mdogo wa jimbo la Victoria, na vijiji vya jirani, alitengeneza shamba. Tena si shamba la kubuni. Lilikuwa la wazazi wake, kama lilivyokuwa kabla kaka yake hajaliuza kwa watu wa mbao. Siku hizi ukienda huko utakuta mikaratusi mitupu, imesimama mistari mistari, hata njia ya kuingilia huioni. Kwa miaka minne Glenys alilirudisha shamba lile nguzo kwa nguzo: banda la kukamulia, tangi la maji lililobonyea ubavuni, lango linalotaka kuinuliwa kidogo ndiyo lifunguke, na juu ya lango kibao cha jina, PASCOE, kwa mwandiko wa baba yake.

Nakala alikuwa nayo, hiyo haikuwa shida. Shida ni kwamba watu elfu tisa walikuwa wakikamua ng'ombe katika banda la mama yake, na sasa wote walikuwa wanapelekwa kwa Bosi wa Maziwa. Glenys alikwenda kuchungulia huko. Shamba ni lile lile, mpaka tangi na ubavu wake. Kibao tu ndicho kilichobadilishwa, kikaandikwa BOSI. Na chini ya ukurasa yule mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: Nimetumia jasho langu, tafadhali msiibe kazi yangu.

"Jasho lake!" Glenys aliliambia jiko la umeme, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Ilivyotokea ilikuwa rahisi kuelewa na vigumu kuvumilia. Kabla ya kutoa toleo jipya, watu wa modi huwapa wenzao kumi na wawili hivi walijaribu kwanza, wiki mbili, watafute kasoro. Ni desturi yao na hakuna anayeandikishana na mwenzake. Kikulacho ki nguoni mwako. Mmoja wa wale kumi na wawili alilichukua toleo lile, akalipandisha siku moja kabla ya Glenys, kisha akakimbilia kushtaki. Tovuti nayo ikatazama tarehe, basi. Miaka minne ya matoleo ya nyuma ilikuwa pale pale, ukurasa wa pili, lakini kufungua ukurasa wa pili kumbe ni kazi ya mtu, na mtu hakuwepo. Glenys aliandika barua nne. Zote nne zilijibiwa ndani ya dakika moja, kwa maneno yale yale, zikimshukuru kwa subira yake.

Subira gani? Hakuwa na subira hata ya kuchemsha yai.

Alimpigia simu Wiremu Tapsell wa Taranaki, ng'ambo ya bahari, mtengeneza matrekta ya kwenye kompyuta ambaye aliwahi kuibiwa mara sita. Wiremu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia barua hazisaidii kitu. Kinachotakiwa ni fomu. Mwenye modi huorodhesha kila kilichomo ndani yake, kimoja kimoja, na kila kimoja kimetoka wapi. Kisha anaapa kwa sheria za kwao kwamba orodha ni ya kweli, mbele ya shahidi anayetambulika. Kikikutwa kitu ambacho si chako wala huna ruhusa nacho, ukurasa hautafunguliwa.

"Kila kitu?" aliuliza Glenys.

"Kila kitu, dereva. Hata mavi ya ng'ombe, kama uliyachora wewe."

"Niliyachora mimi."

"Basi yaandike."

Aliyaandika. Aliandika nguzo, ndoo, mabuti ya mpira, kunguru, sauti ya mvua juu ya bati ambayo aliirekodi mwenyewe kwenye banda la magari. Siku tatu aliandika, mgongo ukamuuma, akila mkate wa kuoka na siagi kwa sababu kupika kulimkera. Kila alipofikiria kwamba mwizi hakuulizwa hata swali moja, na yeye mwenye mali ndiye anayehesabu mavi, alisukuma kiti akazunguka meza. Alhamisi jioni alifika kitu cha mia nne na kumi na mbili. Kilikuwa mbwa.

Mbwa wa Bonde la Pascoe wachezaji walimpenda kuliko kitu chochote. Lori la maziwa likiingia, alitoka mbio chini ya tangi akibweka, akalisindikiza mpaka bandani huku mguu mmoja wa nyuma ukirukaruka kidogo. Glenys aliandika: nimemtengeneza mimi. Kisha akasita, maana hakukumbuka ni lini. Akafukua mafaili ya zamani. Mbwa alikuwa ndani ya kifurushi alichokipakua kutoka kwenye jukwaa moja la watu wa modi ambalo limekwisha kufa, na pamoja naye palikuwa na ile karatasi iitwayo Soma Kwanza, ambayo katika kazi hii hakuna anayeisoma kwanza wala mwisho. Ilikuwa na mstari mmoja. Mtumieni mpendavyo, ila jina langu liandikwe. Athol Quilty, Esperance.

Glenys alitazama ukurasa wake wa shukrani. Palikuwa na jina moja tu, lake.

Wiremu aliposikia alicheka cheko la mtu aliyechoka. Akamshauri asijitie matatani: amtoe mbwa kwenye orodha, aandike mia nne na kumi na moja, nani atahesabu? Wale hawafungui hata ukurasa wa pili.

"Nitakuwa nimeapa uongo," alisema Glenys.

"Utakuwa umesahau. Umesahau miaka minne, utashindwa kusahau siku nne?"

Glenys alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba usiku mzima aliliona lile shauri kuwa la busara. Alimtukana Bosi wa Maziwa, akaitukana tovuti, akamtukana na huyo Quilty aliyeficha mstari wake mahali pasiposomwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Asubuhi alichapisha orodha. Mbwa hakuwemo.

Yarram mashahidi wa viapo ni wachache: polisi, daktari wa mifugo, mwenye duka la dawa. Glenys alikwenda kwa Thanh Luong wa duka la dawa, ambaye humpa vidonge vya presha kila mwezi. Nyuma yake alisimama Noelene Baird, jirani, na kikohozi chake.

"Kiapo cha nini tena, Glenys?" aliuliza Noelene. "Umemgonga nani?"

"Cha ng'ombe."

"Ng'ombe si mliuza?"

"Wa kwenye kompyuta."

Noelene alimtazama kwa huruma, akahamia kwenye rafu ya sabuni.

Thanh alipekua kurasa kumi na saba bila kuuliza neno, akachukua kalamu, akamwambia sasa atamke.

"Nitamke nini? Si nimeandika?"

"Huku Victoria lazima useme kwa sauti, Glenys. Jina lako, unakoishi, na kwamba yote yaliyomo ni kweli. Usiposema, mimi sitii sahihi."

Glenys alivuta pumzi. Akasema mimi Glenys Maude Pascoe. Akasema mtaa na namba ya nyumba. Akasema natamka ya kwamba yaliyomo humu, kisha akaishia hapo. Kuandika alikuwa ameweza. Kusema, mbele ya Thanh aliyeshika kalamu na Noelene aliyejifanya anasoma bei ya sabuni, hakuweza.

"Nipe hiyo kalamu," alisema.

Chini ya orodha aliongeza kwa mkono: Mbwa. Si wangu. Ni wa Athol Quilty wa Esperance. Nilimchukua, sikumtaja. Thanh alisoma, akamwonyesha mahali pa kuweka herufi za mwanzo za majina yao wote wawili kando ya maneno yale mapya. Glenys alianza upya, akatamka mpaka mwisho, kwa hasira, kwa sauti iliyofika mpaka nje.

Safari hii tovuti ilijibu kama mtu. Modi ni yake, Bosi wa Maziwa ameondolewa. Lakini ukurasa utabaki umefungwa mpaka mwenye mbwa atoe ruhusa, na zimebaki siku mbili.

Za mwizi arobaini, na Bosi wa Maziwa zake zilitimia, ila Glenys hakupata hata nafasi ya kufurahi. Alimtafuta Quilty kila pahali, akamkuta kwenye kikundi cha wavuvi wa Esperance. Alimwandikia barua ndefu. Alimweleza shamba, mikaratusi, kibao cha baba, na mwisho akaomba radhi. Akasema hakujua.

Jibu lilikuja kesho yake saa nne asubuhi.

"Bi Pascoe," aliandika Quilty, "ruhusa nakupa, na ulikuwa nayo tangu mwanzo. Yule alikuwa mbwa wangu, akiitwa Tansy, na mguu ule ulivunjwa na lango la ng'ombe. Ila usiseme hukujua. Nilikuandikia miaka mitatu iliyopita kukwambia kwamba yule ni mbwa wangu. Ulinijibu siku ile ile. Uliandika: asante sana, nafurahi umempenda mbwa wangu."

Glenys alikwenda kwenye barua zake za zamani, akaitafuta. Ilikuwepo.