Magauni ya Sarla

Jumamosi moja Milcah alikuwa kwenye cherehani yake karibu na mlango, akikunja pindo la gauni la harusi. Sarla, mwenye duka, alisimama nyuma yake akitafuna njugu. Gauni lilikuwa pinki, rangi ya machungwa na bluu iliyokolea, kama kila kitu pale: ubao wa nje, mifuko ya karatasi, hata mlango wa choo. Mwanzoni Milcah alicheka. Pinki na machungwa, jamani, kwa mwili mmoja! Lakini sasa, kuanzia nyumba za reli za Nakuru mpaka Bahati, hakuna mama aliyejiheshimu aliyeenda harusini bila gauni la Sarla.

"Mama, niongeze nyeupe kwa kola?"

"Usithubutu, Milcah. Rangi tatu zinaongea. Ya nne ni makelele tu."

Baada ya Uhuru, Wahindi kama Sarla walikuwa wamepewa miaka miwili ya kuomba uraia. Hakuomba. Alizaliwa ghorofani, juu ya duka hilo hilo. Nani huomba ruhusa ya kuwa kwao? Hapo alikosea, maskini. Mwaka wa sitini na tisa akanyimwa leseni ya biashara, na duka likaenda kwa Joash, mzee wa kanisa la akina Milcah, pamoja na ubao, mifuko na mtindo wa magauni. Milcah alikuwa na watoto wa kulisha. Akabaki kwenye cherehani ile ile.

Jumatatu moja Sarla alipanda gari moshi kwenda Nairobi, akapande ndege ya Uingereza. Siku hiyo kila gauni la rangi tatu lililoanikwa Nakuru lilinyooka kuelekea stesheni. Jioni yakaelekea Nairobi. Ndege yake ilipoondoka yakageukia mlima Menengai, kaskazini, kwa sababu Uingereza iko upande huo, na yakakaa hivyo hata upepo ulipotoka Menengai kwenyewe. Nakuru ni mji wa watu wenye shughuli. Waligeuza kamba zao za kuanikia, basi. Kanisani, akina mama wenye magauni hayo walihamia viti vya upande wa kaskazini ili wasiwalalie wenzao. Fundi mmoja wa mtaa wa Free Area alijenga nyumba nzima akitumia gauni la mkewe badala ya dira, na kuta zikanyooka vizuri.

Aliyeumia ni Joash. Mteja akijipima mbele ya kioo, gauni lilimburura mpaka ukutani. Joash akaamuru nyeupe iongezwe, huenda rangi zenyewe ndizo zilizokuwa na shida. Milcah akaweka kola nyeupe kwa kila gauni. Asubuhi kola zote zilikuwa sakafuni, zimegeuka unga mtupu. Akazifagia.

"Sasa Milcah," Joash akasema, "hizi nguo zinataka nini?"

"Zinamtaka mwenyewe, Bwana Joash. Hata mimi namtaka. Wewe unajuana na wakubwa. Waambie arudi."

 Joash hakuwa mtu mbaya. Mkewe alikuwa ameolewa akiwa amevaa gauni la Sarla.

"Yule mama alikuwa mzuri, siwezi kukataa," akasema. "Lakini akirudi, mimi nitaenda wapi?"

Milcah akarudi kwenye cherehani yake. Mchana Joash akaleta mfuko wa washa kutoka gereji, vile vipete vya chuma vya kuweka kwa bolti, akaumwaga kwenye meza.

"Shona hizi ndani ya pindo. Magauni yote."

Milcah alilia, wala hakujificha, kisha akatia uzi kwenye sindano. Alianza na gauni lake mwenyewe, maana ndilo lililovuta kuliko yote. Mishono midogo, fundo mara mbili, vile Sarla alivyomfundisha, ili kisionekane kitu. Likatulia. Kufikia Krismasi yote yalikuwa yametulia, na Joash alikuwa akiyauza mpaka Olenguruone.