Abiria wa Kutoka Micheweni

Kila alfajiri, kabla ya kwenda skuli kusomesha, Duni huweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa na kuendesha shirika lake la ndege. Mchezo tu, lakini aliutaka uwe wa haki: asiye na ndege ya moja kwa moja ashuke kituo cha kati, angoje, aunganishe. Kituo cha kati akakiweka Micheweni, kijijini kwao kisiwani. Muda wa kungoja akauweka mrefu, maana nani alipita kwa mama yake akaondoka na njaa?

Abiria wa kwanza wa mchezo walifika Jumatatu, watu kweli na masanduku yao, wakitoka Maskati wakienda Moroni. Wakakaa barazani kwao Duni. Bimkubwa, mama yake Duni, hakuwauliza waondoka lini. Mgeni haulizwi hayo. Aliwauliza kama wamekula, akaenda kuwasha moto.

Wakati wao ulipofika waliitwa, na nani haijulikani. Wakanyanyuka na masanduku, wakapanda hewani mmoja mmoja, juu ya minazi, juu ya mawe ya pwani na kamba za mwani, polepole, mpaka jua likawapiga kwa chini wakang'aa wote. Uzuri wake uliwatoa watu machozi. Bimkubwa alisema Subhanallah, akaosha vikombe.

Dada yake Duni, Tatu, alikuwa mgonjwa wa moyo. Mara mbili alivuka bahari mpaka Unguja, mara mbili akakuta boti ya Dar imeshaondoka, na siku ya kliniki ikampita. Daktari alisema masika yakimkuta hapa hayatamwacha hai.

"Nami nitie mchezoni," Tatu alimwambia mdogo wake. "Naenda Dar tu, hata kuunganisha siunganishi."

Duni akaandika: kutoka Micheweni, mtu mmoja. Mchezo ukarudisha sifuri. Akaandika tena, sifuri. Kanuni iliyoleta sifuri hiyo aliitunga mwenyewe kwa kuwaiga wakubwa wa usafiri: watakaosafiri mwaka huu hukadiriwa kwa waliosafiri mwaka jana. Akaifuta. Asubuhi akaikuta imejirudisha mahali pake.

"Mwaka jana hakuruka mtu wa hapa," alimweleza Tatu.

"Mwaka jana ndege ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Sasa tungerukaje, Duni?"

Swali hilo lilimuuma mno Duni, yeye mwalimu wa hesabu.

Tatu alitia kanga zake mkobani akakaa barazani na abiria wenzake. Waliitwa wa Maskati, wakaitwa wa Moroni, na kila walipopaa aliwatazama mdomo wazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuzoea uzuri ule.

Masika yalianza Ijumaa. Abiria wa Mombasa waendao Jidda walikuta baraza imejaa. Tatu akauvuta mkoba wake, akawapisha. Bimkubwa akapita na sinia la muhogo, na alipomfikia mwanawe akamuuliza, kama alivyowauliza wote, kama amekula.