Kimya cha Mashine ya Karimu

Mamie anasema mashine ilimngoja Bakiri. Ilimngoja, kama mtu anavyomvizia mtu mlangoni. Kwa masimulizi yake, asubuhi ile alikuwa nyuma ya lori la friji la Karimu anachagua katoni yake ya samaki, milango yote miwili iko wazi, na huko mbele Bakiri, kijana wa kazi wa Karimu, yuko juu ya ngazi anachungulia ndani ya mashine ya baridi. Mashine kimya. Hakuna aliyeigusa. Mara ikanguruma yenyewe, ikamvuta mkono.

"Minaona na macho yangu, dada. Hakukuwa mutu! Karimu iko chini anakunywa chai. Sasa nani aliiwasha? Niambie."

Mamie ni jirani yetu hapa Malvern, huku kusini mwa Afrika, Mkongo wa Bukavu, anasuka nywele kwenye kibaraza pale Jules Street, na kila kichwa anachokisuka kinaondoka na hadithi hiyo. Mwanzoni Bakiri alipoteza ncha za vidole viwili, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Baadaye vikawa vidole vyote. Juzi nilimsikia akimwambia mteja kwamba ni mkono mzima, mpaka kwenye kiwiko, na Bakiri mwenyewe alikuwa ametoka kupita hapo nje akila hindi la kuchoma.

"Ni kitu ya kutumwa," humalizia. "Batu wako na wivu na lori ya Karimu."

Sibishani naye. Ila katika yote anayoyasema kuna jambo moja la kweli tupu, nalo ndilo lililokuwa likininyima raha: mashine ile hujiwasha yenyewe.

Niliijua kwa kuitazama tu. Shule niliishia darasa la saba huko Tanga, sikusomea mitambo. Lakini mimi nafua nguo za watu, na kamba yangu ya kuanikia inapita mbele ya pale Karimu anapoegesha lori uani. Mashine imekaa kwenye paji la uso la boksi la mizigo, juu ya kabini. Ina injini yake ya dizeli, mbali na injini ya lori. Ndani ya boksi kukipoa vya kutosha, inazima. Kukipata joto, inawaka. Haiombi ruhusa. Milango ya nyuma ikiachwa wazi haikawii kuamka, kwa sababu joto linaingia. Milango ikifungwa, tena majira ya baridi, inaweza kulala mpaka mtu asahau kama ipo. Zamani ilipiga king'ora kidogo kabla ya kuwaka, lakini mwenye nyumba alilalamikia kelele na Karimu akakata waya wake. Siku hizi ukitaka kujua inaamka lazima usikilize sana: kuna kitu kinagonga ndani, tik, halafu sauti nyembamba kama ya mbu, halafu hiyo hapo, inanguruma.

Baada ya Bakiri kuumia, kazi yake alipewa Seif, kaka yangu, tumbo moja. Nilipomwambia asiichukue aliniuliza, "Nikae nikuangalie unavyofua?" Akaichukua.

Na kazi yenyewe aliipenda. Kila asubuhi alianza chini, anatazama kama kuna oili iliyodondoka. Anapima oili, anapima maji injini ikiwa imepoa, ananusa kama dizeli inavuja. Aligeuza hata maegesho ya lori, kwa sababu moshi wa mashine ulikuwa unaingia dirishani kwa Mamie na watoto wake walikuwa wanaamka na kichwa kizito. Hayo yote Karimu alimsifia. Lakini lilikuwapo moja ambalo Karimu hakutaka kulisikia: kuizima mashine kabla ya kupanda. Kwake mashine haizimwi.

Swichi iko ndani ya kabini, na ufunguo wa kabini uko mfukoni mwa Karimu. Alikuwa na sababu yake. Mwaka mmoja nyuma mtu aliizima wakati wa swala kwa ajili ya kelele, na ilipotakiwa iwake ikagoma. Samaki wote wakaharibika. Ua mzima ulinuka, na watu wa Jules Street walikuwa wakimpita wamejiziba pua makusudi. Karimu ni mtu wa Dar, anapenda utani ukimwendea mwenzake. Tangu siku ile, mkanda unaozungusha feni ya mashine ukihitaji kuangaliwa, anasubiri mashine ilale yenyewe ndipo mtu apande. Hivyo ndivyo alivyopanda Bakiri.

Bakiri mwenyewe nilimuuliza, alipokuja siku moja kutusalimia, bandeji bado iko mkononi. Aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni moja ya malori ya friji huko City Deep.

"Kule, dada Sumaiya, unazima swichi. Halafu unachomoa waya wa betri. Halafu ufunguo anakaa nao yule anayepanda. Siyo bosi, siyo rafiki yake. Anayepanda."

"Sasa hapa kwa nini ulipanda?"

Aliangalia ile bandeji. "Ilikuwa kimya," akasema.

Alipoondoka nilikwenda kuutazama mlango wa mashine. Karimu aliponunua lori alibandika stika ya Mashaallah, kubwa, ya kijani, kukinga macho ya husuda. Niliinua pembe yake kwa kucha. Chini yake kulikuwa na stika nyingine ya zamani, imechorwa mkono na mkanda, na vidole vimetengana na mkono. Nilimwonyesha Seif. Akaibonyeza ile pembe ikarudi chini.

"Usimwambie Karimu umebandua Mashaallah yake," akasema. "Atasema sisi ndio tunaomroga."

Idd ya kuchinja mwaka huo wa 2018 iliangukia Agosti. Kwetu hapa, mbuzi na ng'ombe huchinjwa shambani nje ya mji, na nyama inaletwa kwa lori la Karimu. Hakuna mwenye friji ya kuiweka yote, kwa hiyo inalala humo humo kwenye boksi mpaka igawanywe. Kila nyumba inafunga mfuko wake kwa kipande cha kanga ili usipotee. Wakongo nao wanapata fungu lao, wanafunga vitenge. Ukifungua milango unaona rangi tupu, kama duka la nguo. Nyama nyingine hupelekwa mtaa wa Turffontein kwa wagonjwa na wazee ambao hawakuweza kuja.

Siku ya pili ya Idd, jua limeshapanda, mashine ilianza kulia. Siyo ngurumo yake ya kawaida. Ilitoa sauti kali ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu. Wanawake waliokuja kuchukua mafungu wakaziba masikio.

"Mkanda huo," Seif akasema. "Umelegea."

"Ukikatika njiani tumekwisha," Karimu akasema. Alikuwa na kanzu yake ya Idd, imepigwa pasi vizuri, lakini uso ulishaanza kutoka jasho. "Turffontein wananisubiri. Ikilala tu, panda ukaze."

"Bosi, tuizime kwanza."

"Uizime, uiwashe na nini? Pumzi zako?"

Wanawake wakacheka. Seif naye akatabasamu, na tabasamu lile halikunipendeza hata kidogo.

Nikasema kutoka kwenye kamba yangu, "Kaka Karimu, ikilala inaamka kwa betri hiyo hiyo. Ukiizima wewe kwa nini isiamke?"

"Kwa sababu mimi naijua na wewe huijui."

"Bakiri naye aliijua."

"Bakiri alikuwa na haraka. Sumaiya, mama, anika nguo zako. Leo sikukuu."

Nikamgeukia Seif. "Kaka, usipande."

 Alikuwa akitazama milango ya boksi lenye mifuko ile, nami nilielewa anachokifikiria. Ikiharibika nyama ya watu wote siku ya Idd, hatutakuwa na pa kuficha uso, na jina litakalotajwa si la Karimu. Ni la kijana wa Tanga aliyeshindwa kukaza mkanda.

Mashine ikanyamaza.

Ua ulitulia mpaka nikasikia nguo zangu zinavyodondosha maji. Seif akaegemeza ngazi, akaweka spana mfuko wa nyuma, akapanda. Akafungua ule mlango wenye Mashaallah. Kwanza alichungulia tu. Halafu akaingiza mkono mmoja. Halafu wa pili.

Nilitupa shuka kwenye beseni nikasogea karibu na boksi, nikaweka sikio kwenye ubavu wake. Bati lilikuwa la baridi. Kimya. Nilisikia spana ya Seif ikigusa chuma.

"Boliti imekaza," akasema huko juu. "Ngojeni."

"Polepole, usikimbilie," Karimu akamwambia. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa kabini, mkono mfukoni.

Wakati huo nyuma ya lori nikasikia komeo likifunguliwa. Mlango wa kwanza ukalia, wa pili ukafuata.

"Ya kwangu iko na kitenge ya ndege," Mamie alikuwa akisema. "Ya rangi ya orange. Nani ameiweka chini? Eish, nyinyi batu!" Halafu, kwa sauti ile anayoitumia akisuka, akaanza kumsimulia mwanamke aliyesimama pembeni yake. "Ni hapa hapa, dada. Siku ya Bakiri nilikuwa nimesimama hivi hivi. Milango wazi, ninatafuta samaki yangu, nachagua, nachagua, mashine kimya..."

Hadithi ile nilikuwa nimeisikia mpaka nimeichoka. Kila mara nilisikiliza mkono wa Bakiri. Siku hiyo kwa mara ya kwanza nilisikiliza milango.

Nilikimbia. Sikumbuki nilivyopita kati ya watu. Nilimshika Mamie kiuno nikamvuta, mfuko wake ukaanguka, nikausukuma mlango wa kwanza, nikausukuma wa pili, nikashusha komeo, nikageuka nikaweka mgongo wangu hapo.

"We Sumaiya! Umepata kichaa?"

"Joto linaingia," nikasema. "Ndilo linaloiamsha. Joto likiingia inawaka."

"Nani ameiamsha? Mimi?" Mamie alikuwa ameshaokota mfuko wake, lakini hakusimama sawasawa. Aliutazama mlango, akanitazama mimi. Nilimwona mawazo yake yanakwenda mpaka asubuhi ile ya Bakiri na kurudi. "Mimi nilikuwa nachukua samaki tu," akasema, polepole. "Samaki tu, dada."

"Najua. Hukujua. Hakuna aliyejua."

Wanawake walikuwa wameshajaa mbele yangu na mabeseni yao. Mmoja akasema ana wageni wanangoja pilau. Mwingine akasema mtoto huyu amekuwa bosi tangu lini. Mamie, ambaye huwa hakosi neno, alikuja akasimama upande wangu, akaweka na yeye mgongo mlangoni. 

"Seif!" nikaita. "Toa mikono!"

"Usinipigie kelele!" sauti yake ilitoka huko mbele, nyembamba, siyo yake. "Mkanda uko nusu. Nikiuachia sasa hivi ukaingia kwenye feni itakuwa mbaya zaidi. Usinishtue, Suma. Tafadhali."

Kwa hiyo sikuita tena. Milango ilikaa wazi muda gani, nilikuwa sijui. Joto lililoingia limeingia, mgongo wangu hauwezi kulitoa. Huenda lilikuwa dogo. Huenda lilitosha. Niligeuza kichwa nikabandika sikio kwenye bati, nikisubiri ile tik, na nikaona siwezi kuendelea kusimama nikisubiri.

Nilimwachia Mamie milango. Nikaenda mbele, kwa kutembea, nisimshtue mtu. Seif alikuwa juu, kidevu kimegusa bati, mikono imezama mpaka juu ya viwiko, macho ameyafumba kama anayepapasa kitu gizani. Spana ilikuwa inateleza. Niliisikia inavyoteleza na kushika tena.

Karimu hakunitazama. Midomo yake ilikuwa inatikisika, nadhani anasoma dua.

"Kaka Karimu," nikasema, chini chini. "Fungua kabini uizime."

"Amekaribia kumaliza."

"Izime. Ikigoma kuwaka, mimi mwenyewe nitawaambia watu ni mimi niliyesema. Tutawasha makaa hapa uani tupike nyama yote leo hii, Wakongo na sisi, na Turffontein tutawapelekea ikiwa imepikwa. Hakuna kitakachooza. Hakuna atakayekucheka."

 Aliitazama ile stika ya kijani juu ya mlango uliofunguka, imekaa kichwa chini miguu juu, na pembe yake niliyoibandua imeinuka tena.

"Basi nipe mimi ufunguo," nikasema. "Nipe, Kaka Karimu."

Mkono wake ulikuwa bado mfukoni. Nilisikia funguo zikigusana humo ndani, zikanyamaza; alikuwa amezibana, hajazitoa.