Chumba Namba Kumi na Nne

Aliyenisimulia haya ni mshonaji mwenyewe, Jumatano iliyopita, tukichambua maharage barazani kwake. Hakuna alichoongeza, namjua, huyu hata mbogani chumvi huitia kwa kipimo.

Mumewe ni mkaguzi wa mizani. Kazini walimteua aende ng'ambo wiki mbili kusomea mizani mipya, huko wanakozungumza Kiurdu, wakampa kijitabu cha lugha hiyo kwa wasafiri. Alikisoma kila jioni mezani, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

Alipofika sura ya hotelini akasema, "Ek pyali chai, meharbani," yaani kikombe kimoja cha chai, tafadhali, na nyumba ikawa hoteli. Mlango wa chumba cha kulala ukaota namba 14. Kengele ya shaba ikatokea mezani. Mshonaji akajikuta na kibandiko kifuani kimeandikwa Mhudumu. Akaleta chai, maana hata hivyo alikuwa ameshaipika.

"Shukria," mume akasema, akainamisha kichwa.

Mshonaji akakaa chini. Miaka thelathini na moja alikuwa akimpa mtu huyu chai, na jibu lake lilikuwa mlio wa kikombe kurudi mezani.

"Baba watoto, shukria ndiyo nini?"

"Ndiyo asante. Mtu akikuhudumia lazima umshukuru. Ni adabu."

"Kumbe!"

"Wewe utajulia wapi, hujasafiri."

Hoteli ilidumu wiki tatu. Mama mkwe alipokuja kutembea alipewa ufunguo wa namba 15, akalalamikia taulo. Jirani aliulizia nafasi za wageni wake wa harusi, akaambiwa pamejaa. Mshonaji naye alijifunza jibu la shukria, lililokuwa chini ya ukurasa uleule: koi bat nahin, yaani si kitu. Akalitoa kila jioni, huku akishona mashati sita ya safari. Alitaka jambo moja tu: kabla mumewe hajaondoka, asikie asante moja kwa lugha ileile aliyoposwa nayo.

Siku ya safari, baada ya chakula cha mchana, mume alisoma sura ya mwisho, ya kurudisha ufunguo. Namba ikadondoka mlangoni. Kengele ikatoweka, kibandiko kikabanduka. Kitabu akakitia sandukuni, juu ya mashati.

"Chai!" akaita.

Mshonaji akaleta, akasimama kando ya meza, akangoja. Mume akanywa mpaka akaona kitako cha kikombe. Kikombe kikarudi mezani, ko!

"Mashati nimekushonea sita," mkewe akamkumbusha.

"Nimeyaona. Lile la bluu kola inabana."

Mshonaji akakiondoa kikombe.

"Koi bat nahin," mkewe akasema.

"Matamshi yako mabaya," mume akamwambia, akajinyoosha kitini kungoja gari, akasinzia.

Mshonaji akalitoa lile la bluu sandukuni, akalegeza kola, akalikunja, akalirudisha mahali pake. Kisha naye akaegemea cherehani yake, akalala.