Kikapu Kilichorudishwa

Kikapu kilirudi na nazi zangu zote ndani. Sikuamini macho yangu. Mapenzi, binti yangu wa darasa la tatu, alikitua mlangoni akasema, "Mama, mwalimu amesema usimpelekee tena." Kwetu huku Majoreni, mtu akikurudishia zawadi ni afadhali angekutukana, maana tusi utalijibu. Nilibaki na ufagio mkononi, mdomo wazi.

Nieleze kwanza nazi zile zilikuwa za nini. Tangu shule zifunguliwe, mtoto alikuwa akirudi na madoa meusi mwilini, leo mkononi, kesho pajani. Nikimuuliza ni nani aliyempiga, jibu lilikuwa hilo hilo: "Hakuna, mama." Lakini mtoto mwenye adabu hamtaji mkubwa wake kwa ubaya, na hilo nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyemfunza. Nikaona ni mwalimu wake tu, Kamene, yule msichana wa Kikamba aliyetoka skimu ya makazi kule Lunga Lunga. Nani mwingine?

Sikumwendea. Ukimkabili mwalimu umemchongea mwanao, fimbo zitazidi. Mtu wa namna hiyo huombwa kwa upole, bila kuaibishwa. Nikampelekea nazi. Madoa hayakukoma, nikaongeza mihogo, kisha mapapai. Kila kikapu kilikuwa kikisema, tafadhali, muache mwanangu. Na mwenyewe alikuwa akipokea! Hata jana jioni hasira zilinipanda, nikamnyanyulia Mapenzi mwiko ili amtaje huyo mpigaji kwa jina, akachomoka mbio kwa bibi yake.

Na leo kikapu kimerudi. Nilijifunga leso kiunoni, nikamshika mtoto mkono, tukarudi shuleni. Kamene alikuwa peke yake darasani, anasahihisha.

"Hodi," nilisema, kwa sababu hasira hainiondolei adabu.

"Karibu, Mama Mapenzi. Nilijua utakuja." Hakutabasamu. "Nimekurudishia vitu vyako. Mimi sinunuliki."

"Nikununue wewe! Kwa lipi?"

"Ninyamaze. Mtoto unampiga nyumbani mpaka anakuwa mweusi, halafu unaniletea nazi. Vikapu vya kwanza niliwapa wapishi wa shule. Sikukuita kwa sababu niliogopa ungemmaliza ukijua nimegundua. Lakini leo nimechoka. Nimempigia simu afisa wa watoto. Jumatatu anakuja kumchukua."

Kumchukua mwanangu! Masikio yalinivuma. Nilisogea mpaka mezani pake.

"Wewe ndiye unayempiga!" nilipiga ukelele. "Nazi zile zilikuwa za kukuomba uache!"

Kalamu ilimponyoka Kamene, ikabiringika chini ya dawati. Hakuiokota.

"Mimi?" alisema. "Mama, sijawahi kumgusa mtoto huyu. Haki ya Mungu."

"Wala mimi. Wallahi sijawahi."

Tulitazamana. Nilimtafuta uongo usoni nikaukosa, nami nadhani alinitafuta vivyo hivyo. Kama si yeye, na si mimi, basi ni nani? Tukamgeukia Mapenzi, aliyekuwa ameegemea ukuta kama aliyechoka na sisi sote.

"Nimewaambia," alisema. "Mama nimemwambia, na wewe mwalimu nimekwambia. Hakuna aliyenipiga. Yanatoka tu."

Yanatoka tu. Siku zote zile tulimsikia, na hatukumwamini hata mara moja. Kamene alipandisha mkono wa sare ya mtoto, akayatazama yale madoa upya.

"Hutokwa na damu puani darasani," alisema polepole. "Nilidhani ni makofi ya nyumbani."

"Na fizi," nikasema. "Akipiga mswaki, mate huwa mekundu. Nilidhani umempiga mdomoni."

"Wenzake wakicheza, yeye hukaa."

"Nyumbani magharibi haijaingia, ameshalala."

Mimi nilikuwa na nusu yangu, yeye na nusu yake, na kila mmoja alimficha mwenzake kwa kumhofia. Kamene hata daftari hakuzikusanya. Alitoka mbio barabarani kusimamisha bodaboda.

Hospitalini Msambweni walimtoa Mapenzi damu, wakatwambia tusubiri. Daktari alipotuita, mtoto alikuwa amelazwa.

"Madoa yalianza lini?" aliuliza.

"Baada ya Idi," nikasema.

"Shule zilipofunguliwa tu," Kamene akasema. Zilikuwa siku zile zile.

"Na tangu hapo mlimpeleka wapi?"

"Hatukumpeleka popote," nikasema.

Alitueleza taratibu kwamba chembe zinazozuia damu isivuje zimepungua mno mwilini mwake. Dawa ipo, na wengi wa watoto wa namna hii hupona, lakini lazima aende Mombasa leo hii. Kisha akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mshukuruni Mungu hakuna aliyempiga," alisema. "Kwa hali hii, pigo moja tu la kichwa, damu ingevujia ndani. Tungekuwa tunazungumza mengine."

Pigo moja. Niliuona mwiko wangu ukiwa juu, hewani, na mtoto akichomoka mlangoni. Asingekimbia je? Chumba kilinizunguka. Kamene alinidaka begani akanikalisha kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza hakuniita kwa ukali. "Pole, mamangu," alisema.

Mapenzi alikuwa akitutazama kutoka kitandani. Alininyooshea mkono wake wenye madoa.

"Mama, nishike," alisema.

Niliogopa kumgusa.