Nolan Alivyopungua

Jumamosi asubuhi maskauti, wasaka vipaji wa timu za hoki ya barafuni, walikaa jukwaani kwenye uwanja wa barafu wa Wolska, kahawa mikononi, wakiwakagua wazazi badala ya wachezaji. Ndivyo kazi ilivyo huko Saskatchewan. Kijana wa miaka kumi na saba bado anakua. Ukitaka kujua ataishia wapi, mpime mama kwa macho, baba mtazame viatu.

Darlene Fedoruk, mama yake Nolan, alikuwa mfupi. Baba alikuwa marehemu, na viatu vyake vilishagawiwa watu.

"Mdogo," alisema Lyle, mkuu wao, mdomo umejaa donati.

Kule chini kwenye barafu, neno lilipotoka tu, Nolan akapungua inchi moja. Aliipandisha suruali, akawapiga chenga mabeki, akafunga.

"Mdogo, bwana," mwingine akaafiki, na helmeti ya Nolan ikamshuka hadi puani. Mchezaji mwenzake alimpa kamba ya kiatu ajifunge kiunoni.

Kati ya maskauti, Garnet Pruden peke yake hakulitamka neno hilo. Jana yake alikuwa amekula perogi, vifurushi vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, jikoni kwa Darlene, akaongezewa bila kuomba, akamwambia kwa kinywa chake kwamba hajaona kijana anayeusoma mchezo kama Nolan, na kwamba kwenye kikao cha maskauti atamsemea. Wala hakudanganya, na hilo ndilo lililokuja kumchoma.

Kikao kilifanyika Juni, siku moja kabla ya timu kuchagua vijana wao. Kufikia hapo Nolan alishaitwa mdogo na ligi nzima, na kimo chake kilikuwa cha chupa ya soda. Darlene alimshonea jezi kwa soksi. Mazoezi alifanyia kwenye sinia la barafu, ndani ya friza.

"Garnet, wewe ulifika kwao," alisema Lyle. "Huyu Fedoruk vipi? Na usinihubirie habari za moyo. Moyo haumsukumi mtu ukutani."

Wakacheka. Garnet alijua kwamba skauti anayemtetea mfupi peke yake, mfupi akishindwa, mwakani haitwi kazini.

"Akili ya mchezo anayo," alisema. "Ila mdogo."

Kesho yake majina ya waliochaguliwa yalisomwa mpaka la mwisho, na la Nolan halikuwamo. Darlene, ndani ya gauni lake la kanisani, alimfuata Garnet ukumbini akiwa na glasi ya karatasi mkono mmoja na chombo cha perogi mkono wa pili.

"Ulimsemea, kaka Garnet?"

"Nilisema."

"Nilijua tu. Maana jana mchana kuna mmoja alimsema, akammaliza kabisa. Sijui ni nani huyo asiye na haya." Akampa chombo. "Hebu mwone."

Ndani ya glasi, juu ya kipande cha barafu, Nolan aliyelingana na punje ya mchele alikuwa akiteleza kinyumenyume, akikata kona bila kugusa ukingo. Garnet hakuwahi kuona uchezaji mzuri kama ule.

"Garnet!" Lyle aliita kutoka mlangoni. "Unamtazama nani humo?"

Garnet alijinyoosha.

"Hakuna mtu," alisema, akaenda zake.

Chombo cha perogi kilikuwa bado na joto mikononi mwake. Nyuma yake Darlene alikuwa ameiinamia glasi yenye barafu tupu, akimwita mwanawe kwa jina.