Fagio la Mjomba

Sindano hakuelewa. Alikuwa ameisoma ile leseni hata macho yakamwuma, na kila alipofika mwisho alijikuta pale pale alipoanzia: maktaba ni ya bure, lakini ina masharti. Bure gani hiyo?

Maktaba ndivyo mafundi wa kompyuta wanavyoita fungu la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulioandikwa na watu wengine, ukalichukua ukalitia ndani ya programu yako ili usihangaike kuanza upya. Hii yao ilikuwa ya kuchapa lebo za dawa. Programu yenyewe, ya kuendesha stoo ya dawa, ilikuwa mali ya mjomba wake, mwenye kampuni, na msimbo wake aliufungia kama watu wanavyowafungia watoto sukari. Sasa hospitali ilitaka kuinunua. Mwanasheria wa hospitali, mama mmoja mpole asiyecheka ovyo, alikuwa amekaa pale ofisini, juu ya duka la dobi, akiuliza swali moja tu: kipi chenu, kipi cha watu? Asipojibiwa, hakuna biashara.

"Bure ni bure," Mjomba alisema. "Mtu akikugawia maji, unamwuliza masharti?"

"Programu yenu mnaruhusiwa kuifunga," mwanasheria akajibu. "Hakuna anayetaka kuona msimbo wenu. Ila maktaba ya watu muiachie majina ya wenyewe, mtupe na leseni yake, mtuachie nafasi ya kuibadilisha ikitoka mpya, na mlichokirekebisha ndani yake mkiweke wazi. Basi."

Sindano akaitikia kwa kichwa, ndani akiwa gizani. Masharti yangefuatika. Lililowakwamisha lilikuwa fagio.

Fagio kilikuwa kiprogramu alichokitunga Mjomba kwa mkono wake. Kila Ijumaa kilipita kwenye mafaili yote, kikafuta maelezo ya juu yanayotaja walioandika, kikaandika jina la kampuni. "Mali isiyo na alama huokotwa," Mjomba alisema siku alipokiwasha, na ofisi nzima ikapiga makofi, Sindano akiwa wa kwanza. Ndiyo maana sasa kila faili lilivaa sare moja, la kwao na la wageni, wala hapakuwa na wa kusema lipi ni lipi.

"Nionyeshe moja tu ambalo una hakika ni lako," mwanasheria alisema.

Hilo alikuwa nalo. Lilikuwa faili la kukunja majina marefu ya dawa yasikatike vibaya kwenye lebo, na alilikumbuka mstari kwa mstari, kwa kuwa lilimliza alipolitunga. Lilikuwa ndilo lililompa ukuu wa mafundi pale ofisini. Akalifungua kifua mbele. Mwanasheria akamwomba aishushe maktaba ya asili kutoka mtandaoni, alilinganishe faili hilo na la kule.

Yakalingana. Hata koma.

"Wametuibia!" Mjomba akaruka kitini. "Unaona watu? Unafunga mlango, wanapitia dirishani!"

Sindano hakuwa na nguvu ya kupiga kelele. Ama wao ni wezi, ama mimi, akawaza. Akaanza kujitilia shaka: labda alinakili, kisha akajidanganya miaka yote kwamba ametunga. Labda hata kule kulia alikuota. Aliogopa kwelikweli.

"Pandisha hadi juu kabisa ya faili lao," mwanasheria akamwambia.

Pale ofisini hakuna aliyekuwa na mazoea ya kutazama juu. Kuna nini huko zaidi ya jina la kampuni? Sindano akapandisha. Yalikuwepo majina ya walioandika, mengine ya nchi za mbali, asiyoweza hata kuyatamka, na la mwisho lilikuwa lake kamili, Sindano na jina la baba yake.

Ndipo ikamrudia. Enzi za chuo lebo za mradi wake zilikuwa zikikatika, akairekebisha maktaba hiyo kwa kuitungia faili lile, akawatumia wenyewe. Walimshukuru, naye akasahau kwamba aliwatumia.

Mjomba akashusha pumzi. "Basi yetu! Mwandishi ni mpwa wangu, na mpwa wangu ni mfanyakazi wangu. Yamekwisha."

"Wakati ule hakuwa mfanyakazi wako," mwanasheria alisema. "Ni yake, na aliwapa watu wote kwa masharti yale yale. Nawe ni mmoja wa watu wote."

Mjomba akamgeukia Sindano. "Kwa hiyo nije kwako kuomba ruhusa? Mimi, niliyekubeba mgongoni?"

Sindano alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Ijumaa zote hizo alikuwa akitazama fagio likipita, akifurahi jinsi ofisi yao ilivyo safi.

"Ruhusa nilishakupa, Mjomba," alisema. "Ulitakiwa uniachie jina tu."